Harufu ya Mdalasini Nyumbani kwa Bi Hruska

Bi Bernadine Hruska alilisha watoto mia sita kila siku ya shule kwa miaka thelathini na mmoja, na sidhani kama alimpenda hata mmoja wao. Alikuwa mkuu wa jiko la shule ya msingi hapa kwetu Lorain, Ohio, na mpaka leo wapo wanaume wenye vitambi na wajukuu ambao wakimwona dukani huficha walichobeba. Mtoto aliyebakisha karoti aliambiwa mbele ya wenzake kwamba kwao wanamlea kama paka. Aliyerudi kuomba nyongeza aliambiwa atazame kwanza upana wa mlango wa darasa. Mdomo wake haukuwa na breki, na mtaani tulikuwa tukisema mumewe Emil alikufa kwa hiari yake.

Nimekaa naye nyumba kwa nyumba miaka kumi na tisa. Mwaka niliohamia nilipeleka sambusa kwenye karamu ya mtaa, ile ambayo kila mtu huja na chakula alichopika. Bi Bernadine aliuma moja, akatafuna polepole, akauliza, "Aliyepika hii hana adui wa kumpelekea?" Watu walicheka na mimi nikacheka nao. Sikusahau. Nayasema haya mapema ili usije ukanichukulia kuwa mtu mwema katika habari hii.

Agosti ya mwaka juzi aliweka mayai jikoni yachemke, akaenda kujilaza kidogo. Maji yakakauka, sufuria ikaungua kitako, pazia likashika moto. Nyumba zetu ni za mbao, na kati ya yake na yangu gari halipiti. Niliona moshi nikawapigia simu zimamoto. Walipoondoka nikampigia binti yake, Rhonda, na nadhani simu hiyo ya pili ndiyo iliyoleta hasara kuliko moto.

Rhonda ni mtoto wake wa pekee. Anafanya kazi ya bima huko upande wa Cleveland, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ni mtu wa kukuchinja huku akikuuliza kama kisu si baridi sana. Alikuja kesho yake na fundi, akafunga gesi ya jiko, kisha akaweka mezani kijitabu cha picha za makao ya wazee yanayoitwa Clover Ridge. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha kahawa.

"Mimi siendi kukaa na vizee," Bi Bernadine alisema.

"Mama, una miaka sabini na tisa."

"Ndiyo maana nikasema vizee. Mimi bado."

"Basi tufanye hivi. Halowini ya mwaka huu uiandae wewe mwenyewe. Ukoo mzima, majirani, na marafiki zangu wachache. Upike wewe, uhudumie wewe. Ikipita salama, Clover Ridge sikutajii tena."

"Apa."

"Naapa, Mama. Jirani huyu ni shahidi."

Kisha akatoka nje kwenye gari akarudi na boksi. Ndani yake kulikuwa na kikaangio cha hewa, dude jeusi la ukubwa wa ndoo, lenye droo mbele na feni juu inayopuliza hewa ya moto. Halina gesi wala mafuta, na dakika zikiisha linalia kengele na kujifunga. "Hata mtu akifa, Mama, lenyewe linajizima," Rhonda alisema.

"Na wewe ungefurahi tukijizima pamoja," mama yake akamjibu.

Kuna jambo jingine inabidi ulijue. Miaka miwili kabla ya hapo Bi Bernadine alivunjika nyonga, na akiwa hospitalini alitia saini hati ya kumpa Rhonda mamlaka juu ya mali yake yote, hata kuiuza, ili bili zilipwe. Alipona, akarudi nyumbani, hati akaisahau. Rhonda hakuisahau.

Wiki ya kwanza alikichukia kikaangio kile. Alikiita feni ya nywele ndani ya ndoo. Halowini ni sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya kujigeuza na kutishana, na chakula nacho lazima kitishe, kwa hiyo siku ya kwanza alikata maumbo ya popo kutoka kwenye chapati za mahindi, mabawa na masikio safi kabisa, akawapanga kwenye droo akafunga. Baada ya dakika moja tukasikia wanapigapiga humo ndani. Alipofungua, nusu ya popo walikuwa wameruka juu wamenasa kwenye waya wa moto, wanaungua. "Hawa nao wamejiamini," alisema, akawachomoa kwa koleo. Kesho yake alitafuta kichanja cha waya cha kupozea keki, akawawekea juu ili wasiruke. Tangu hapo popo wakatulia wakaiva.

Kazi kubwa ilikuwa vimaiti. Unachukua soseji fupi, unaizungushia nyuzi za unga laini uliokandwa, ule wa kopo, mpaka iwe imevishwa sanda, unaacha upenyo wa uso. Ikiiva, upenyo ule unaubandika vijicho viwili vya sukari. Bi Bernadine mara ya kwanza alibandika macho kabla ya kuoka. Vimaiti vilitoka vimelia machozi meusi mpaka miguuni. "Wamelia kuliko mimi nilivyolia msiba wa Emil," alisema, na tukavila tukiwa tumesimama.

Nilikuwa nikiitwa kuonja karibu kila jioni, na sitasema uongo, vilikuwa vitamu. Vilevile alichonga pilipili hoho ndogo za rangi ya machungwa, akazitoboa macho na meno kama maboga yanayochongwa sura na kuwekwa barazani siku hiyo, akazijaza jibini. Alikata matufaha mapande membamba, akayapaka mdalasini, akayakausha kwa moto mdogo mpaka yakawa yanavunjika kwa sauti. Ukiona vyaelea vimeundwa. Oktoba yote mwanamke yule alikuwa akifanya mazoezi kama askari.

Shida yake ilikuwa hesabu. Droo inachukua vimaiti vinane tu, dakika tisa kila mkupuo, na yeye alitaka arobaini viende mezani vikiwa moto. Mtu aliyepikia mia sita hashindwi na arobaini. Alichukua sanduku la barafu la pikiniki, akalitandika taulo alizopasha juu ya kipasha nyumba, akagundua kwamba kimaiti kikifungiwa humo nusu saa kinatoka kama kimeokwa sasa hivi. Akaandika ratiba kwa mkono, akaibandika mlangoni mwa kabati: saa saba na nusu mkupuo wa kwanza, saa saba na dakika arobaini wa pili, na kuendelea. Alisimama mbele yake na saa ya jikoni mkononi, akiwa amevaa slipa, akirudiarudia.

"Wakila wakashiba," aliniambia siku moja, "na pasipotokea hata moshi wa sigara, Rhonda atakosa la kusema. Nitafia humu humu, jirani. Kwenye kitanda changu, nikitazama ukuta wangu."

"Utaishi bado," nilimwambia.

"Nimekwambia kufa, sikuomba unitie moyo."

Alikuwa na furaha. Sikuwahi kumwona na furaha kabla ya hapo, na ilikuwa inaniudhi kidogo.

Alhamisi kabla ya karamu, Rhonda alikuja kwangu badala ya kwa mama yake. Alikuwa na boksi la donati. Tulikaa jikoni, nyumba ya mama yake tunaiona dirishani.

"Jumamosi kutakuwa na watu wawili watatu usiowajua, dada," alisema. "Usishangae."

"Marafiki zako?"

"Wanunuzi. Bibi na bwana, vijana, wanatarajia mtoto. Na dalali wangu, Tricia. Watakuja wamejigeuza kama wengine wote, wataiangalia nyumba kwa raha zao, na Mama hatasumbuka."

Nilimuuliza, na kile kiapo chake je? Aliguguna donati akafuta sukari midomoni.

"Tricia anasema nyumba inanunuliwa kwa pua. Madalali wote wanajua hilo, ndiyo maana wanawasha mishumaa ya mdalasini, wengine wanaoka biskuti kabla wageni hawajafika. Lakini mishumaa watu wameshaizoea. Bibi mzee jikoni anakausha matufaha kwa mikono yake, hilo hakuna anayeuza."

"Kwa hiyo ndiyo maana ulimpa kikaangio."

"Kikaangio nilimpa asituchome moto. Hili la harufu limekuja baadaye. Usinifanye mbaya kuliko nilivyo." Akaongeza, "Nilikula kwenye jiko lake miaka sita. Siku moja nilirudi kuomba viazi, akaniita Pipa, mbele ya foleni nzima. Mpaka namaliza sekondari jina langu lilikuwa Pipa. Kila mtu mjini anajua hadithi za jiko la Mama na kila mtu anacheka. Mimi nilikuwa nalala naye nyumba moja."

Akafungua mkoba akatoa karatasi za mauzo, akanionyesha mahali panapouliza kama maji yamewahi kuingia chumba cha chini ya ardhi. Aliandika: sijui.

"Mimi siishi pale," alisema. "Wewe unajua lolote?"

Kila Aprili, theluji ikiyeyuka, chumba kile kinajaa maji mpaka magotini. Mimi na Bi Bernadine tumebeba ndoo pamoja Aprili nyingi kuliko vidole vyangu, yeye akinitukana kwa kumwaga ngazini.

"Mimi nina nyumba yangu ya kuangalia," nilimwambia Rhonda.

"Na iko karibu sana na yake," alisema, akasimama. "Safari ijayo haitakuwa pazia tu."

Aliacha donati mezani. Ningeweza kuvuka bustani jioni ile nikamwambia mama wa watu kila kitu. Nilijiambia kwamba ya mama na mwana hayaingiliwi, na ni kweli huwa yanasemwa hivyo. Nilijiambia habari ya moto, na hiyo nayo ni kweli. Na palikuwa na sauti ndogo ndani yangu iliyokuwa ikisubiri Jumamosi kwa hamu.

Jumamosi Rhonda alifika saa tano asubuhi, amevaa kama sanamu ya kutishia ndege, nyasi zikimtoka mikononi. Nilikuwa nimekwenda kusaidia kupanga viti. Bi Bernadine alikuwa amevaa aproni yake ya shule na wavu wa nywele.

"Mama, hujajigeuza?"

"Nimekuja nikiwa mimi. Subiri uone nani atatisha zaidi."

"Sawa. Sasa anza na matufaha. Saa saba kamili yawe yanaiva."

"Matufaha niliyamaliza jana, yako kwenye kopo. Saa saba na nusu naanza vimaiti."

"Yafanye mengine."

"Ya nini? Yako makopo mawili."

"Watu wanapenda harufu, Mama."

"Watu wanakula harufu?" Alimgeukia mwanawe na koleo mkononi. "Nikikipa kikaangio matufaha saa nzima, vimaiti vitachelewa na vitakuwa baridi. Ratiba hiyo hapo, isome."

"Mama," Rhonda alisema kwa ile sauti yake laini, "si tulikubaliana nione kama unaweza kupokea maelekezo?"

Hawakuwa wamekubaliana hivyo. Lakini Bi Bernadine alikuwa kwenye mtihani, na mtu aliye kwenye mtihani habishani na msimamizi. Alichukua kisu akaanza kumenya matufaha. Niliona midomo yake ikihesabu, anapanga upya mikupuo yote mitano kichwani. Saa saba harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima, imepanda ngazi, imetoka barazani mpaka njiani, tamu na ya joto. Hata mimi niliyejua, ilinifanya nitamani kukaa pale.

Wageni waliingia. Watoto wa ukoo walikuja wamejigeuza mizuka, maharamia na mdudu mmoja ambaye hakuna aliyemtambua. Dalali Tricia alikuja akiwa nyuki, na mbawa zake ziliangusha picha mbili za ukutani. Wanunuzi, Garrett na Paige, walikuwa Chumvi na Pilipili, vile vikopo vya mezani, mirija miwili mirefu ya kitambaa, kofia za fedha zenye matundu kichwani. Ya Pilipili ilikuwa imefura mbele kwa ujauzito wa miezi sita.

Vimaiti vilitoka kwa wakati. Sijui alifanyaje. Alikata soseji ziwe ndogo zaidi, akakaza moto, akageuza droo katikati, na saa nane na dakika kumi arobaini vilikuwa mezani vinafuka mvuke, macho yao meupe yametazama juu. Alipita katikati ya watu na sinia. "Chukua, usishikeshike. Ukishika umeoa." Mwanamume mmoja wa makamo alichukua viwili akakumbuka aliyeshika sinia ni nani, akarudisha kimoja.

"Bibi, hiki ni nini?" Pilipili aliuliza.

"Maiti. Kula."

Pilipili alikula, akafumba macho. "Ninaweza kuona unapopikia?"

Hapo ndipo niliposhindwa kutazama vizuri. Bi Bernadine akawachukua Chumvi na Pilipili akawatembeza. Aliwafungulia stoo. Aliwavutia droo za kabati alizotengeneza Emil kwa mikono yake, akawaonyesha zinavyoteleza bila sauti. Aliwapandisha juu wakaone dirisha linaloonyesha ziwa majani yakishapukutika. Rhonda hakuhitaji kunyanyua hata kidole, mama mwenyewe alikuwa akiiuza nyumba chumba kimoja baada ya kingine. Nyuki alifuata nyuma akitabasamu. Wakati mmoja Chumvi alitoa futi ya kupimia akainyoosha dirishani, na Bi Bernadine akamwona.

"We Chumvi, unapima nini hapo?"

"Naangalia kama kofia yangu itapita mlangoni, Bibi."

"Itapita. Kilicho ndani yake ni kidogo." Watu walicheka, na Chumvi naye alicheka, akarudisha futi yake kwenye vazi.

Saa kumi sahani zote zilikuwa tupu. Hakuna aliyeungua, hakuna kilichomwagika, na king'ora cha moshi hakikulia hata mara moja. Bi Bernadine alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, uso mwekundu kwa joto.

"Rhonda, angalia sahani," alisema.

"Nimeziona, Mama. Umefaulu."

Alimwambia hivyo. Nilisikia kwa masikio yangu. Na bado neno hilo halijapoa, Pilipili akaingia jikoni na kofia yake kwapani, anapangusa vidole.

"Bi Hruska, samahani. Hiki kikaangio kinabaki na nyumba au unaondoka nacho? Jiko na friji na mashine ya kufulia tumeambiwa vinabaki. Tulitaka tukiandike kwenye barua ya ofa."

"Kinabaki na nani?"

"Na nyumba."

Bi Bernadine alimtazama yule msichana tumbo lake, kisha uso. Akamtazama nyuki mlangoni. Mwisho akamtazama binti yake, na Rhonda alikuwa akichomekea nyasi kwenye mkono wa shati lake. Hakuna aliyemweleza kitu. Hakuwa mjinga, alielewa yote pale pale alipokaa, na nilimwona anaelewa, na nilitamani sakafu inimeze.

Alisimama. "Sogeeni wote," alisema kwa ile sauti ya foleni ya shule. "Niwaambie habari za nyumba hii."

Watu walisogea, watoto mbele. Walidhani imefika saa ya hadithi.

"Kila Aprili maji yanaingia chumba cha chini. Mpaka hapa." Akagusa goti.

"Maji ya damu?" mzuka mdogo mmoja akauliza, na watu wakacheka.

"Maji ya mtaro. Yananuka."

"Uuu," wakaitikia pamoja.

"Boriti ya chini ya ngazi imeoza. Nimeichoma kwa kijiko na kijiko kimezama."

"Uuu."

Tricia alikuwa na akili ya haraka, lazima nimpe haki yake. Alinyoosha mkono akazima taa ya jikoni, akashusha pazia. Jikoni kukabaki mwanga wa mshumaa ndani ya boga la kuchongwa tu. "Endelea, Bibi," alisema.

"Mume wangu Emil alikufa kwenye ngazi ile ya tatu. Mimi nilikuwa Toledo kwa dada yangu. Alikaa pale siku tatu, mwezi wa Julai." Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo mbele za watu. "Ubao wa ngazi tuliubadilisha. Harufu haikutoka."

"Na bado anatembea?" Chumvi aliuliza, akiigiza mtu mwenye hofu. Watoto wakapiga kelele kwa raha.

"Sitanii. Nyumba hii ni yangu, na sijaiuza kwa mtu yeyote."

Hapo ndipo walipocheka kuliko mara zote. Mtoto mmoja akamwambia mama yake kwamba mizuka yote husema hivyo. Rhonda naye alipiga makofi, polepole, huku amemkazia mama yake macho, na ukoo mzima ukapiga makofi pamoja naye.

Bi Bernadine aligeuka huku na huku katika mwanga ule hafifu mpaka akanipata.

"Jirani," alisema. "Waambie. Ndoo umebeba na mimi. Waambie."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kipande cha tufaha mdomoni, na mdalasini wake nauhisi mpaka leo nikitaka. Rhonda alinitazama. Ningependa kusema nilifikiria moto na pazia, au nilifikiria usalama wa mzee. Sikufikiria chochote. Watu arobaini walikuwa wanasubiri wachekeshwe, nami sikutaka kuwa mtu wa kuharibu karamu.

"Bi Bernadine kwa hadithi hamumuwezi," nilisema. "Kila mwaka anatutisha hivi hivi."

Makofi yalilipuka. Mtu akawasha taa. Bi Bernadine alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo, kisha akaketi. Akavua wavu wa nywele, akaukunja mara mbili, akauweka mezani. Pilipili aliinama akambusu shavuni, akamwambia kwamba hadithi zake ndizo zilizommaliza, kwamba wameangalia nyumba kumi na moja na hakuna hata moja iliyokuwa na roho kama hii.

Barua ya ofa iliandikwa Jumatatu, na kikaangio kikatajwa ndani yake. Wiki ya pili ya Novemba Rhonda alimhamishia mama yake Clover Ridge. Alitoka barazani na sanduku moja, akapita mbele ya dirisha langu bila kugeuza shingo. Kule chumbani haruhusiwi kuwa na kitu chochote kinachotoa joto, hata birika. Chakula huletwa kwenye sinia saa tano na nusu na saa kumi na moja, na nimeambiwa anakula chote, pamoja na karoti.

Rhonda alinijia na boksi jingine la donati kunishukuru. Nilizipokea. Nilizila mwenyewe, siku mbili.

Huwa ninakwenda kumwona kila Jumapili mchana, na sasa ni mwaka wa pili. Kila Jumapili namkuta amelala, uso ukutani. Nakaa kwenye kiti nusu saa, nampa habari za mtaa, nauambia mgongo wake kwamba mtoto wa Pilipili ameanza kutembea, halafu nachukua koti langu naondoka. Mwezi uliopita nilimuuliza muuguzi wa zamu kama dawa anazompa si kali mno, maana mtu hawezi kulala hivyo kila siku.

"Yule wala halali," muuguzi alisema. "Asubuhi yote huwa yuko macho, anatusema tu. Akisikia sauti yako pale mapokezini ndipo anageukia ukuta. Ukishatoka anaomba chai."

Nilimshukuru. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena.